Alama kumi zilizopotea kati ya baruapepe mbili

Kisa hiki ni cha binti wa Masasi aliyekwenda Uingereza Septemba 2023 kusomea shahada ya uzamili katika uchumi wa kilimo. Amekubali nikieleze kwa sharti kwamba jina lake, chuo chake na msimamizi wake visitajwe. Mimi nafundisha Kiingereza hapa Mtwara mjini. Alinitumia baruapepe zote kama zilivyo baada ya kukatwa alama kumi kwenye pendekezo la utafiti ambalo, kwa alivyoelewa, alikuwa ameongezewa muda wa kulikusanya. Aliona amegeukwa. Msimamizi naye alishangaa, kwa sababu kwa alivyoelewa yeye, alishamwambia mapema la kufanya.

Nimezisoma zile baruapepe zaidi ya mara moja na sioni mwongo kati yao.

Tuanze na wiki yenyewe. Uzamili wa kufundishwa kule kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, kwa hiyo muda wa kwenda uwandani huwa finyu. Binti alirudi nyumbani Aprili 2024 kuandaa utafiti kuhusu stakabadhi ghalani, mfumo ulioingia kwenye korosho mwaka 2007: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unaingia ghalani, unauzwa mnadani, naye anasubiri malipo. Alitaka kujua kwa nini baadhi ya wakulima bado wanauza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayekuja hadi uani na fedha mkononi kwa bei ya kutupwa. Mwanzoni mwa Mei kikapita kimbunga Hidaya, na kwa mvua za msimu ule barabara ya kutoka Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa. Bahasha ya madodoso aliyoyachapisha Dar ikabaki ndani ya basi. Jumapili ya tarehe 12 Mei mikongo ya intaneti ya baharini ikapata hitilafu na mtandao ukazorota karibu nchi nzima. Yeye wakati huo yuko Newala, pendekezo linatakiwa Ijumaa tarehe 17 saa sita mchana kwa saa za Uingereza, ambayo kwetu ni saa nane, na makala anazozihitaji ziko kwenye maktaba ya chuo ambayo haifunguki.

Sababu nzuri kuliko hiyo ya kuomba muda sijawahi kuisikia. Jumanne tarehe 14, mtandao uliporudi kwa kusuasua, alituma hii:

"RE: REQUEST FOR EXTENSION OF TIME. Dear Sir, Kindly refer to the heading above. I hope you are fine together with your family. The aim of this email is to humbly request you to add me some days for submission due to unavoidable circumstances which are beyond my capacity. I will be very grateful if my request will be put under your kind consideration. Yours obediently."

Yeyote aliyewahi kuandika barua ya kazi Tanzania anaijua barua hii. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ndiyo hiyo, imevaa Kiingereza. Na binti hakuitoa hewani. Siku chache kabla alikuwa ameandika kwa Kiswahili barua ya kuomba kibali cha utafiti kwa mkurugenzi wa halmashauri, yenye "Yah:" iliyopigiwa mstari na "Wako katika ujenzi wa taifa" chini yake, ikapita bila swali. Mkono ulikuwa bado umelowa wino ule. Mtindo wenyewe una ukoo: maofisa wa Kiingereza walioitawala Tanganyika waliandikiana kwa "I have the honour to be, Sir, your obedient servant", na walipoondoka mwaka 1961 makabati ya ofisi zetu yalibaki na nakala. Wao kwao wameuacha. Sisi tumeutafsiri, tukauongezea ujenzi wa taifa, na unafanya kazi yake vizuri tu. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaoucheka na kuuita Kiingereza kibovu. Ni Kiingereza cha ofisi nyingine.

Tatizo la baruapepe ile liko kwingine. Haisemi nini kimetokea. Haisemi siku ngapi zinaombwa. Haisemi ni kazi gani, na msimamizi yule ana wanafunzi wengine pia. Kwetu ukimya huo ni sehemu ya adabu. Kueleza shida zako kwa urefu mbele ya mkubwa ni kama kumlilia, na kumtajia idadi ya siku ni kama kumpangia. Unaacha nafasi ajaze mwenyewe. Msomaji wa Kiingereza cha chuo cha leo anaona kinyume: heshima kwake ni kupewa kila anachohitaji ili aweze kujibu kwa mstari mmoja, akubali au akatae, aendelee na kazi.

Msimamizi alijibu siku ileile:

"Hi, no worries at all, sounds like you've had a rough time of it. How long are we talking? Might be worth dropping the Programme Office a line. Best, J."

Binti alisoma "no worries at all" akashusha pumzi. Akaandika "Thank you so much Sir, God bless you", akarudi kwa wakulima wake. Kazi aliituma Jumanne iliyofuata, tarehe 21. Chuo kile kinakata alama tano kwa kila siku ya kazi inayozidi, zikaenda kumi.

Hapa ndipo penye kisa chote, katika mistari mitatu ya Kiingereza kinachoonekana chepesi. "No worries" kwa Kiswahili ni "hamna shida", na hamna shida hutamkwa hata na mtu asiye na mamlaka ya kutoa kinachoombwa. Maana yake ni kwamba hajakasirika. Kuhusu siku za nyongeza hajasema lolote. Sentensi ya pili, "How long are we talking?", yaani unahitaji muda gani, ilikuwa swali kweli, linalosubiri idadi ya siku, lakini binti alilipita kama mtu anavyopita "habari za huko?" kwenye simu, kwa sababu halikufanana na swali la kiofisi. Hata lilivyoundwa linapoteza: wanaozungumza ni akina nani, na "talking" ya nini?

Sentensi ya tatu ndiyo iliyomgharimu. Itazame ilivyofunikwa: "might", halafu "worth", halafu "dropping a line", kana kwamba ni jambo la kufanya ukipata nafasi. Chini ya vifuniko vyote kuna agizo: andikia ofisi, kwa sababu mimi sina uwezo wa kukuongezea muda. Vyuo vingi vya Uingereza vimeliondoa jambo hili mikononi mwa mwalimu mmojammoja. Kuna fomu ya udhuru, kuna ushahidi wa kuambatanisha, na ofisi hutaka vifike kabla ya tarehe ya mwisho. Msimamizi alijua hayo na akadhani amesema. Lakini Mwingereza msomi huona haya kumwamuru mtu mzima, hasa mtu aliye chini yake. Kadiri agizo lilivyo la lazima ndivyo anavyolifanya lionekane pendekezo. Bibi akiwa amekaa barazani akasema "mlango huo uko wazi", mjukuu haitikii "ndiyo bibi, nauona". Anainuka kuufunga. Sisi tunazo hizi, tunazo tele, ila hatuzitegemei kutoka kwa mtu anayetuandikia "Hi".

Hilo ndilo ninalotaka kulisisitiza, kwa sababu ushauri wanaopewa vijana wetu kabla ya kuondoka umeelemea upande mmoja. Wanaambiwa wawe makini na Kiingereza rasmi: usifupishe "do not", usiandike "get", tumia "obtain". Sawa. Lakini Kiingereza rasmi ndicho chetu. Tumelelewa nacho tangu kidato cha kwanza, na maneno yake mazito, mengi ya asili ya Kifaransa na Kilatini, yako kwenye kamusi kama yalivyo. "Investigate" ukiitafuta unaipata. "Look into", "run it past someone", "drop a line", "close of play", hizi hata ukijua kila neno peke yake hujapata kitu. Na humohumo, kwenye maongezi mepesi, ndimo maagizo na tarehe za mwisho hujificha. Mwanafunzi mgeni huumia zaidi pale barua inapoonekana rahisi.

Mtihani nao haumsaidii. Binti alifanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ile ya Academic, akapata alama za kutosha chuoni. Sehemu yake ya kuandika ina kazi mbili: kuelezea jedwali, grafu au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, na insha ya maneno yasiyopungua 250. Barua haimo, iko kwenye IELTS ya General Training, ambayo hutumiwa zaidi na wanaohamia au kwenda kufanya kazi. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa na kuonekana anafaa kusoma Uingereza bila kuandika hata barua moja kwa mtihani huo. Shuleni kwetu tunafundisha barua mbili, ya kiofisi yenye anwani mbili na ya kirafiki yenye moja, ile ya "I hope you are fine, if so, glory be to God". Baruapepe kwa mwalimu unayemfahamu haingii kwenye boksi lolote kati ya haya. Iko katikati, na kwa watu wengi katikati ndiko maisha yote ya chuo yaliko.

Binti alipoona alama zake alishauriwa na mwanafunzi mwenzake kwamba "huku hawapendi urasmi". Akaandika tena:

"Hey J, so I just saw my mark and I'm kinda shocked tbh. You said no worries!! Pls can you fix it? Thanks a lot."

Ningekuwa karibu ningemshika mkono. Alichukua "Hi" na "J" kama ruhusa ya jumla, akaitumia mahali ambapo hata marafiki huwa wanarudi kwenye urasmi, yaani penye malalamiko. Msimamizi akikuandikia "Hi" kuhusu kikao cha Alhamisi, unaweza kumjibu "Hi". Ukimwambia kwamba umeonewa, na kwamba neno lake ndilo chanzo, baruapepe imeshakuwa ushahidi. Huenda kesho ikasomwa na kamati. Halafu ile "You said no worries" yenye alama mbili za mshangao inamtia hatiani mtu ambaye, kwa maandishi, alimwelekeza ofisini.

Jibu lilichelewa, na lilipofika lilikuwa limebadilika sura. Lilianza na "Dear" na jina lake, likaendelea: "Thank you for your email. As advised on 14 May, extensions are a matter for the Programme Office. I would suggest that you contact them directly. Kind regards", chini yake jina kamili, cheo na idara. Binti aliponisomea kwa simu alisema, "Mwalimu, angalau sasa ananiheshimu." Nilimwambia hapana mwanangu, sasa amesogea nyuma. Kutoka "Hi" hadi "Dear", kutoka "Best" hadi "Kind regards", kutoka herufi moja hadi cheo, kila hatua ni ya kurudi nyuma. Kwetu mtu akianza kukuita kwa cheo huenda amekupandisha. Kwao, baada ya kuzoeana, mara nyingi amekasirika. "I would suggest" ilikuwa ileile "might be worth", safari hii bila tabasamu.

Tulikaa kwenye simu jioni ile kuandaa barua ya tatu, ya kwenda ofisini. Alikwama kwenye namna ya kuomba. Alitaka kurudisha "humbly request", mimi nikampa "I was wondering whether".

"Mwalimu, mbona ni wakati uliopita? Si naomba sasa hivi?"

"Ukifika kwa mwenyekiti wa kijiji unaanzaje?"

Akacheka. "Shikamoo mzee, nilikuwa na ombi dogo."

"Ombi limeshakwisha?"

"Bado, ndo kwanza naanza."

Basi, nilimwambia, Mwingereza naye huliweka ombi mbali kidogo, jana, ili mwombwaji apate pa kulikwepa bila aibu. Hilo alilielewa mara moja, kuliko angeelewa kwa kanuni yoyote ya sarufi. Lakini tuligundua pia kwamba ofisini hata hiyo haihitajiki sana. Ofisi haina uso wa kuaibisha. Barua iliyokwenda ilianza hivi: "I am writing to ask whether a late claim for mitigating circumstances could be considered for my research proposal, which was due on 17 May 2024 and submitted on 21 May." Hakuna familia, hakuna unyenyekevu, hakuna lawama kwa msimamizi. Aya ya pili ilieleza mikongo na barabara kwa tarehe. Ya tatu ilisema kwa nini fomu haikujazwa kwa wakati: alidhani jibu la msimamizi la tarehe 14 limetosha, na sasa anaelewa halikutosha. Sentensi hiyo tuliipima sana, kwa sababu ilibidi iseme ukweli bila kumgeuza mwalimu kuwa mshtakiwa.

Viambatanisho vilikuwa taarifa za umma kuhusu hitilafu ya mikongo, na barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba binti alikuwa kijijini wiki ile, pamoja na tafsiri yake. Barua ya mtendaji ilikuwa na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na muhuri wa bluu. Muhuri ulifanya kazi nzuri Uingereza kama unavyofanya Newala. Kamati ilipokutana iliondoa adhabu, alama kumi zikarudi.

Je, msimamizi hana lawama? Anayo, na kwa maoni yangu si ndogo. Mtu anayemwandikia mgeni kuhusu jambo lenye tarehe na adhabu hapaswi kulifunga ndani ya "might be worth". Sentensi moja kavu, kwamba mimi siwezi kukuongezea muda, jaza fomu hii kabla ya Ijumaa, ingeokoa wiki kadhaa. Wapo walimu wa kule wanaojua hilo na wanaandika wazi kwa wageni. Huyu alidhani wepesi wa lugha ni ukarimu.

Pendekezo lenyewe liliporudi lilikuwa na maoni pembeni, na humo rejesta, yaani mtindo wa lugha kulingana na mahali na msomaji, ilijitokeza kwa namna nyingine. Pale alipoandika "Cashew farmers are crying because of delayed payments" pamewekwa "a bit journalistic". Wakulima wanalia ni Kiswahili safi cha redioni na cha mkutano wa kijiji. Kwenye utafiti tukawafanya waseme: "farmers reported dissatisfaction with delayed payments", maana kilio hakipimwi ila kauli inaweza kunukuliwa. "This proves" ikawa "this suggests" karibu kila ilipotokea, kwani wahojiwa wa majaribio walikuwa wachache mno kuthibitisha chochote. "Nowadays" ikafutwa. Neno kangomba, ambalo binti alikuwa amelitafsiri kwa aibu kuwa "illegal middlemen", msimamizi alitaka lirudi kama lilivyo, liandikwe kwa mlazo na kufafanuliwa mara moja. Hilo lilimshangaza kuliko yote. Alikuwa amedhani urasmi ni kuficha maneno ya nyumbani.

Maoni yale nayo yalikuwa na ile lugha ya vifuniko. "You could perhaps say more here" ilimaanisha aya haitoshi. "Quite interesting" haikuwa sifa kubwa kama alivyodhani. Alijifunza kuyapitia akiuliza kila moja: hapa nimeambiwa nifanye nini? Kule kwingine mambo yangekuwa tofauti, Marekani wengi hubaki na "Professor" au "Dr." mpaka waambiwe vinginevyo, na Ujerumani cheo kinashikiliwa kwa nguvu zaidi. Kwa Uingereza kipimo chepesi ni saini ya mwalimu mwenyewe: alivyojiita mwishoni ndivyo unavyoweza kumwita, isipokuwa siku ya malalamiko.

Mwishoni mwa Juni msimamizi, akiwa amesharudi kwenye "Hi", alimwandikia: "Might be an idea to run the questionnaire past Ethics again if you've changed anything." Yaani dodoso lipitie tena kamati ya maadili ya utafiti kama kuna kilichobadilika. Alikuwa amebadilisha maswali mawili kuhusu kangomba, na gari la kwenda Tandahimba lilikuwa limeshapangwa kwa Jumatatu tarehe 8 Julai, siku moja baada ya Sabasaba. Alijibu bila kunipigia simu: "Hi J, thanks, that's helpful. I've changed two questions. Just to check: do I need approval before I start on Monday 8 July?"

"Yes, you do. Don't start until you've heard from them. J."

Akampigia dereva, safari ikasogezwa wiki moja.